Whio, bata aliyeponzwa na utulivu wake

Ukipata kumwona whio kwa karibu, mtazame mdomo kwanza. Mdomo wenyewe ni wa rangi ya waridi iliyopauka, na nchani una vikunjo vya ngozi nyeusi, laini kama mpira. Mito anayokaa, huko milimani Nyuzilandi, huporomoka juu ya mawe, na chakula chake kikubwa ni mabuu ya wadudu yaliyojibanza kwenye mawe hayo. Anazamisha kichwa, anakwangua jiwe. Ile ngozi ndiyo inayokinga mdomo usichubuke. Ni bata wachache mno duniani wanaoishi hivi mwaka mzima, ndani ya maji yaendayo kasi.

Jina alipewa na Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, kutokana na mluzi wa dume, nalo hutamkwa "fi-o". Jike hapigi mluzi, yeye hukoroma.

Dume na jike hulinda pamoja kipande cha mto, mara nyingi kama kilomita moja, na whio mwingine akiingia hufukuzwa. Vifaranga wao huanguliwa na miguu mikubwa isiyolingana na miili, maana wanaingia kwenye mkondo wangali wachanga kabisa.

Balaa liko kwenye kuatamia. Jike hutaga mayai kama 6 kwenye kijipango cha ukingoni au chini ya gogo, akayaatamia peke yake siku 35 hivi. Adui akikaribia hakurupuki, anatulia tuli. Zamani mbinu hiyo ilimfaa, kwa kuwa maadui wake walikuwa ndege, nao huwinda kwa macho. Katika miaka ya 1880 walowezi wakaleta stoti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, wapunguze sungura ambao walowezi hao hao walikuwa wamewaleta. Stoti huwinda kwa kunusa. Anamkuta jike palepale alipotulia, anamla yeye na mayai. Mayai pekee yakipotea, mengine yangetagwa. Akifa jike, dume hubaki peke yake, na ndiyo sababu kwenye mito isiyolindwa madume huwazidi majike.

Leo whio wanakadiriwa kuwa chini ya 3,000, ingawa sura yake imo kwenye noti ya dola 10 ya Nyuzilandi. Idara ya Uhifadhi ya nchi hiyo na watu wa kujitolea hupanga mitego kandokando ya mito: sanduku la mbao lenye tundu dogo, ndani yake yai la kuku au kipande cha nyama. Kila sanduku hurudiwa, likasafishwa na kutegwa upya, kwa sababu stoti wengine huteremka kutoka mabonde ya jirani.