Hodari wa kazi si lazima awe hodari wa kufundisha

Wete au Chake Chake, kule Pemba, ukitaka binti ajifunze kusuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, utaambiwa mpeleke kwa fundi hodari kuliko wote. Imani ya zamani hiyo, na nusu yake ni kweli: hufundishi usichokijua. Lakini mikono iliyozoea hupitisha chane, vile vipande vyembamba vya majani, bila kufikiri, na hatua ambayo fundi haifikirii tena ndiyo anayosahau kuisema. "Tazama ninavyofanya," husema, na mwanafunzi haoni kitu. Mwenzake aliyejifunza mwaka jana bado anakumbuka panapokwamisha.

Imani nyingine imeshikana na hiyo, kwamba kukosoa kokote kunajenga. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu mrejesho, yaani kumwambia mtu kazi yake ikoje. Kwa wastani ulisaidia, ila katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo utendaji ulishuka. Walieleza kuwa mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyomfanya mtu ajifikirie yeye badala ya kazi. (Hata sifa huweza kumfanya ajifikirie hivyo, jambo ambalo wengi hawalitarajii.)

Kwa hiyo "mikono yako mizito, mwanangu" haimfunzi kitu. "Chane imekauka, itie maji kidogo, na hapa ukingoni umekunja kabla hujakaza" humpa la kufanya papo hapo. Kisha afumue mwenyewe, asuke tena. Kumnyang'anya ukili ukamalizia wewe ni kosa la mafundi wazuri hasa. Hawavumilii kutazama kazi iliyopinda.