Upimaji wa ulinganifu wa itifaki kwa mashine ya hali

Simu yako na seva iliyoko nchi nyingine hutumia programu zilizoandikwa na watu wasiojuana. Zinaelewana kwa kuwa zote zinafuata itifaki moja, yaani kanuni za nani atume nini na lini. Upimaji wa ulinganifu ni kuhakiki kwamba programu fulani kweli inazifuata kanuni hizo. Kasi yake haihusiki, wala msimbo wake hausomwi. Mara nyingi mpimaji haonyeshwi kabisa. Anachoweza ni kutuma ujumbe na kutazama jibu.

Ili jibu sahihi lijulikane, itifaki huchorwa kama mashine ya hali zenye kikomo: hali kadhaa zilizounganishwa kwa mishale, kila mshale na ujumbe unaouamsha na jibu linalotoka. TCP, itifaki ya kuunganisha kompyuta mbili mtandaoni, iliyoelezwa katika RFC 793 (hati ya kanuni za intaneti) ya mwaka 1981, ina hali 11.

Jibu likikosewa, linaonekana papo hapo. Kinachosumbua ni mashine kujibu sawasawa kisha ikaishia kwenye hali isiyotakiwa. Chukua seva ya TCP iliyo katika LISTEN, hali ya kusubiri kuunganishwa. Ikipokea SYN (ombi la kuunganishwa), inapaswa kurudisha SYN pamoja na ACK (uthibitisho wa kupokea) na kuhamia SYN-RECEIVED, yaani ombi limepokewa. Tuseme imejibu vizuri lakini imebaki palepale. Kwa nje huoni tofauti. Basi mpimaji anatuma ACK: seva iliyohama huipokea kimya na kuingia ESTABLISHED, yaani muunganisho umekamilika; iliyobaki LISTEN hurudisha RST, ujumbe wa kukataa, na hapo imeumbuka. (Kimya nacho ni jibu, kwa hiyo lazima iamuliwe mapema mpimaji atasubiri kwa muda gani.)

Ila ACK hiyo haitenganishi SYN-RECEIVED na ESTABLISHED, maana zote mbili huimeza bila neno. Mbinu ya W, iliyoelezwa na Tsun Chow mwaka 1978, hukusanya mifuatano ya ujumbe inayotofautisha kila jozi ya hali. Unapita kila mshale, kisha mwisho wake unajaribu mifuatano hiyo yote, ukiirudisha mashine mwanzo kila mara. Inachosha, lakini hakuna kosa linalopona, mradi hali za programu zisizidi idadi uliyokadiria. Kila hali ya ziada unayotaka kujikinga nayo huzidisha majaribio takriban kwa idadi ya aina za ujumbe. Ndiyo maana wengi huishia kwenye mzunguko mmoja unaopita kila mshale: makosa ya majibu unayanasa, ya hali unaweza kuyapita.