Mimba ya pili: tunayoambiwana na ukweli wenyewe

Ukishazaa mmoja tu kila mtu anakuona fundi. Mamkwe anasema wa pili unateleza, mashoga wanasema usijisumbue, na wewe mwenyewe unaanza kuchelewa kliniki kwa sababu njia ushaijua. Hilo ndo linanitia khofu kuliko yote, maana uzazi wa pili una mambo yake ambayo wa kwanza haukuwa nayo.

Tuanze na huko kuteleza. Ni kweli uchungu ukishakolea wa kwanza huchukua kwa wastani kama masaa 8 na wa pili kama masaa 5, na kusukuma nako kunapungua. Lakini watu wakisikia hivo wanaelewa kinyume, mtu anasema basi nimalize kupika kwanza, ukikaza ndo nitaondoka. Jamani, ufupi huo ndo sababu ya kuondoka mapema! Mtu yuko kisiwani Kojani, Pemba, kuna chombo cha kuvukia, kuna gari la kutafuta ng'ambo usiku wa manane, alafu ndo safari ya kwenda spitali Wete, na mtoto hasubiri. Mwezi wa nane wa mimba ukiingia mjue kabisa nani anavusha, dereva nani, nambari zao anazo nani, pesa ziko wapi na mtoto mkubwa analala kwa nani.

"Wa kwanza nilizaa salama, kliniki mara mbili zinatosha." Hazitoshi. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linasema zisipungue mara 8, kwa sababu presha ya mimba inaweza kukukuta safari hii hata kama mwanzo hukuwa nayo, na ikifika 140/90 huwezi kuijua kwa kujitazama kwenye kioo. Na kama mara ya kwanza ulitoka damu nyingi mwambie nesi mapema, usingoje akuulize.

Kuna hili la grupu la damu ambalo wengi hawalijui kabisa. Mama ana damu hasi, mfano O hasi, mtoto kachukua chanya ya babake, sasa wakati wa kuzaa damu ya mtoto ikiingia kwa mama mwili wake unatengeneza kinga ya kuipiga vita. Wa kwanza keshazaliwa zamani, hadhuriki, anayekuja kupigwa ni wa pili, anakosa damu tumboni au anazaliwa na manjano kali. Alafu watu wanasema mama karogwa na mke mwenza! Dawa ya kulizuia hili ni mama kuchomwa sindano ya anti-D ndani ya masaa 72 baada ya kuzaa mtoto mwenye damu chanya, na mimba ikiharibika pia umuulize daktari. Kwa hiyo uitazame kadi yako ya zamani, kama grupu halikuandikwa upime sasa hivi.

Waliopasuliwa wanaambiwa ukipita kisu mara moja ndo kisu maisha. Si lazima, wengi wanazaa kwa njia ya kawaida baadae, ila inategemea ule mshono ulikatwa vipi na kwa sababu gani, na lazima uzalie spitali yenye chumba cha upasuaji. Na zile dawa za miti za kuharakisha uchungu usizitie mdomoni, kizazi chenye kovu kinaweza kupasuka.

Kuhusu nafasi baina ya watoto, ushauri ni miezi 24 baada ya kuzaa ndo ushike nyengine, ili damu na nguvu zirudi. Kunyonyesha kunazuia mimba pale tu mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi, yote matatu kwa pamoja. Ukiishika kabla, usimuachishe mkubwa ghafla eti maziwa yamekuwa sumu atabemendwa. Maziwa hayageuki sumu, yanaweza kupungua tu, na anayedhoofu mara nyingi ni yule aliyeachishwa akabaki na uji mtupu. Wewe meza vidonge vya damu, chai usinywe pamoja na chakula, udongo uwache. Choo kikiwa cheusi ni vidonge hivyo, usishtuke.

Chango baada ya kuzaa linauma zaidi safari ya pili, khasa mtoto akinyonya. Bibi atasema damu imeganda ndani ikandwe, kumbe ni kizazi kinajirudi. Ila ukiwa na homa, harufu mbaya au damu inalowesha pedi nzima kwa saa moja, nenda spitali.

Na akili nayo. Mzazi akilia siku za mwanzo ni kawaida, inapita ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, halali hata mtoto akilala, hamtaki mtoto, anawaza kujidhuru, huyo anaumwa, si kwamba hana shukrani. Kisomo kisomwe na spitali aende, havigombani. Kama ilikupata kwa wa kwanza sema tangu una mimba, maana inaweza kurudi.

Mkubwa naye akianza tena kukojoa kitandani watasema ana kijicho, apigwe. Asipigwe, ni kawaida kwa umri wake, mpe muda wake peke yake na wewe kila siku hata kama ni wakati wa kumkogesha tu.