“So”, “therefore”, “hence”: lipi liende wapi

Kazi yangu ni kuhariri ripoti za Kiingereza zinazoandikwa na Waswahili wenzangu, na nyingi hunifikia zimejaa “therefore” kuliko hoja zenyewe. Naelewa zinakotoka. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba “so” ni ya mazungumzo na “therefore” ni ya wasomi, basi mtu akikaa kuandika jambo rasmi anaikimbia “so” kabisa. Urasmi una nafasi yake, ila mimi huanza na swali jingine: matokeo unayoyaeleza ni ya aina gani?

Soma hii: “The pump broke down; as a result, the clinic had no water for two days.” Pampu imeharibika, maji yakakatika. Tukio limezaa tukio. Sasa hii: “The meter shows no reading after Tuesday; therefore, the pump must have stopped that night.” Hapa mwandishi anapima ushahidi na kutoa hitimisho lake. Ukiweka “as a result” katika sentensi hii ya pili, inasomeka kana kwamba mita ndiyo iliyozima pampu. Hapo ndipo ninaposimama muda mrefu kuliko popote ninapohariri, kwa sababu ripoti inayochanganya chanzo na dalili inaweza kumtupia lawama asiyehusika. “So” inazimudu kazi zote mbili, na ndiyo maana naiheshimu.

Halafu kuna sarufi. “So” ni kiunganishi, kwa hiyo koma inatosha: “The road was flooded, so we cancelled the visit.” “Therefore” ni kielezi. Anayefuta “so” na kupachika “therefore” bila kugusa koma ameacha sentensi mbili zimeshikizwa kwa uzi mwembamba, na wahariri wengi hawataipitisha. Weka nukta-mkato au nukta.

Kosa jingine linatoka moja kwa moja kwenye lugha yetu. Kiswahili kinaruhusu “Kwa kuwa barabara ilijaa maji, basi tuliahirisha ziara.” Masikio yetu yanaipenda ile “basi”. Ihamishie kwenye Kiingereza upate “Since the road was flooded, therefore we cancelled the visit”, na umekwama, maana Kiingereza kinataka kimoja tu: ama “since” ama “therefore”.

“Hence” ina uwezo ambao wenzake hawana kirahisi: hubeba nomino peke yake, bila kitenzi. “The supplier changed in May, hence the delay.” Ni fupi na inapendeza, mradi isijirudie kila ukurasa. “Thus” hukaa vizuri mbele ya kitenzi cha “-ing”, kama “thus reducing the cost”. “Consequently” ni nzito. Mimi huiachia barua za kisheria na ripoti za ukaguzi.

Kwa wanaojiandaa na IELTS: mshikamano wa maandishi ni kimojawapo cha vigezo vinne vya sehemu ya kuandika, vyenye uzito sawa, na mtahini huangalia pia kama viunganishi vimetumika kimashine. Kufungua kila aya kwa “Therefore”, “Thus” na “Hence” kwa zamu hakukuongezei alama. Wala usiogope “This is why” katika insha. Ni Kiingereza safi na kinasomeka.

Kwenye WhatsApp na mwenzako wa kazini, andika “I'm stuck in traffic, so start without me.” Ukimwandikia “therefore” atadhani umemkasirikia.

Na mara nyingine kiunganishi chenyewe hakihitajiki. Nikiona “There was a flood. Therefore, we had to cancel the visit”, hufuta yote na kuandika “The flood forced us to cancel the visit.” Kitenzi kimeshabeba sababu na matokeo.