Geuka Utazame: Kujifunza Kusikiliza Sauti ya Mungu Ukiwa Nje, Kimya

Watu wanaokuja kwenye mafungo ya kimya ninayoongoza, yaani siku za kujitenga, kunyamaza na kuomba, karibu wote wana swali lilelile, wengine wanaliuliza siku ya kwanza, wengine wanasubiri mpaka tuzoeane kidogo: nitajuaje kama ni Mungu anaongea na sio mawazo yangu tu? Ni swali zuri sana na nitafika huko, ila kwanza turudi nyuma kidogo, maana kwa ninavyoona wengi wetu tunataka kuipambanua sauti ya Mungu wakati kusikiliza kwenyewe bado hatujajifunza. Mwenzi wako anaongea na wewe unajibu "mmh", mtoto anakuelezea kitu macho yako yako kwenye skrini, ndege analia juu ya kichwa chako na hata hujui yupo. Sikio ambalo halijazoea kutulia kwa chochote haliwezi kutulia ghafla eti kwa sababu tumefumba macho tukasema nena Bwana.

Ndo maana nawatoa watu nje.

Soma kitabu cha Kutoka sura ya 3 taratibu utaona kitu. Musa yuko kazini, anachunga kondoo wa mkwewe, anaona kijiti kinawaka na hakiungui. Anasema, "Nitageuka sasa, niyaone maono haya makubwa." Halafu mstari unaofuata unasema "Bwana alipoona ya kuwa amegeuka ili atazame", ndipo akaitwa jina lake, Musa, Musa. Yaani kuitwa kulikuja baada ya kugeuka. Moto ulikuwepo, kijiti kilikuwepo, na Musa alikuwa na kila sababu ya kupita maana kondoo wanahitaji maji na jua linapanda, angepita tu na hakuna mtu angemlaumu. Alisimama akatazama. Hicho ndo ninachofundisha kwenye mafungo, kugeuka ili kutazama, mengine yote yanakuja nyuma ya hapo.

Kuna watu wanaogopa hili jambo, wanaona kama tunataka kuabudu miti, na hofu yao naiheshimu kabisa maana wapo wanaovuka huo mpaka. Kwa hiyo niseme wazi, mti sio Mungu na mto sio Mungu, na upepo ukivuma kwenye majani haimaanishi Mungu amekutumia ujumbe. Augustino wa Hippo, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alishalieleza hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, anasimulia alivyoiuliza nchi, akaiuliza bahari, akauliza hewa na vyote vilivyomo, na vyote vikamjibu kwamba sisi sio Mungu wako, tafuta juu yetu, yeye ndiye aliyetufanya. Halafu anaongeza jambo ambalo mimi nalipenda mno, kwamba swali lake lilikuwa kule kuvitazama kwa makini na jibu lao lilikuwa uzuri wao. Hakuna sauti ya ajabu hapo, ni mtu anayetazama vizuri mpaka alichokitazama kinamwelekeza kwa aliyekiumba. Zaburi ya 19 nayo imekaa hivyohivyo, nusu ya kwanza ni mbingu zinauhubiri utukufu wa Mungu, afu ghafla kwenye mstari wa 7 anahamia kwenye sheria ya Bwana inayoburudisha nafsi. Vyote viwili kwenye zaburi moja. Anayechukua nusu ya kwanza akaiacha ya pili atapata hisia nzuri tu, na anayechukua ya pili akaikataa ya kwanza naye amejinyima kitu ambacho Daudi hakujinyima.

Sasa tunafanyaje. Chagua sehemu moja na uirudie hiyohiyo, usihangaike kutafuta mandhari mpya kila mara, maana sehemu ukiizoea ndo unaanza kuona kilichobadilika, hili tawi limechipua, huu mfereji umekauka, na kuona mabadiliko madogo ndo zoezi lenyewe. Isiwe sehemu ya hatari, na mtu mmoja ajue ulipo. Simu izimwe kabisa, kuiweka kimya haitoshi, kwa sababu simu iliyo kimya bado unaisikiliza. Kabla hujatoka soma kifungu kifupi cha Maandiko, mistari michache tu, afu Biblia uifunge. Najua wachungaji wengine hawakubaliani na mimi kwenye hilo na tumeshazungumza sana, lakini nimeona mara nyingi mtu akienda nje na Biblia wazi anageuza ule muda kuwa darasa, anasoma sura baada ya sura, anapigia mistari, anarudi amefurahi kwamba amefanya kazi na hajanyamaza hata kidogo. Lile neno dogo ulilosoma litakaa ndani yako, liache lifanye kazi yake.

Ukishakaa, cha kwanza utakachokutana nacho ni kelele, na kelele hiyo ni yako. Kodi, ujumbe ambao hujajibu, yule mtu aliyekusema vibaya wiki iliyopita na jibu zuri ambalo ulikosa siku ile na leo umelipata. Usipigane nazo. Kuwa na daftari dogo, kama ni jukumu la kweli liandike kwa neno moja uendelee kukaa. Utagundua pia kwamba ulipofika ndege na wadudu walinyamaza kwa sababu umewaingilia, na ukikaa bila kutikisika wanarudi mmoja mmoja kwenye shughuli zao. Huwa nawaambia watu wasianze kuomba chochote mpaka ndege warudi. Sio sharti la kiimani, ni kwamba ule muda unaowatosha ndege kukusahau mara nyingi ndo unaotosha na mwili wako kutulia, pumzi kuwa ndefu, mabega kuteremka.

Wanasaikolojia nao wana maelezo yao hapa na mimi siyaogopi. Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza miaka ya 1980 kwamba akili ina umakini wa aina mbili, ule wa kujilazimisha ambao unachoka, na ule unaovutwa taratibu na vitu kama mawingu, maji na majani, ambao haukuchoshi bali unaupa ule wa kwanza nafasi ya kupumzika. Mtu mmoja akaniuliza, kwa hiyo hiyo amani ni ubongo tu? Nikamjibu kwamba aliyeumba masikio ndiye huyohuyo aliyeumba ubongo, kujua jinsi sikio linavyofanya kazi hakumfukuzi anayeongea. Ila ni kweli tofauti lazima tuishike, kutulia sio sawa na kumsikia Mungu, kutulia ni mlango tu na wengi wanafika mlangoni wanarudi nyumbani wakidhani wameshaingia.

Baada ya kelele ya juu kuisha inakuja ya chini, na hapa ndo watu wengi wanainuka wakaondoka. Huzuni ambayo hukuilia. Hasira. Uchovu wa miaka. Mtu anakuja kwangu anasema kimya hakinifai, nilienda kutafuta Mungu nikakuta ninalia. Namwambia basi umefika mahali pazuri, kaa hapo, usiharakishe kujitoa. Kumbuka nabii Eliya kabla hajafika Horebu, mlima wa Mungu, alilala chini ya mti akaomba afe, na Mungu hakumpa hotuba wala hakumkemea, alipewa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akapewa tena, ndo akapata nguvu ya kutembea siku 40 mchana na usiku. Kwa hiyo mtu akija kwenye mafungo akasinzia nje chini ya mti siku nzima ya kwanza mimi simwamshi. Pengine hilo ndo Mungu anamwambia siku hiyo, lala.

Halafu tazama kitu kimoja. Yesu aliposema waangalieni ndege wa angani, fikirini maua ya mashamba, tunapita haraka kwenda kwenye "msisumbuke" na tunasahau kwamba hayo mawili ya kwanza nayo ni maagizo. Waangalieni. Fikirini. Ni wangapi tumewahi kutii hilo agizo kwa maana yake ya kawaida, tukaketi tukamwangalia ndege mmoja anavyotafuta chakula mpaka akashiba? Chagua jani, chagua njia ya sisimizi, ukae nayo mpaka uone usichokiona mwanzo. Ukichoka kutazama endelea kidogo, maana cha maana mara nyingi kiko baada ya pale ulipochoka.

Ukishatulia hivyo mwambie Mungu jambo moja fupi, mimi huwapa watu lile la kijana Samweli kwenye Biblia, nena kwa kuwa mtumishi wako anasikia, afu nyamaza kweli. Usiendelee kuongea ili kujaza nafasi. Zaburi ya 131 inasema nafsi iliyotulia ni kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mamaye, na mtoto aliyeachishwa hatafuti maziwa tena, amekaa tu na mama. Kama umekwenda nje ili utoke na jibu la kazi au la ndoa, jaribu kwanza kukaa bila kudai hilo jibu. Najua ni ngumu.

Sasa ile sauti ikoje? Kwa walio wengi sana ninaowasindikiza hakuna sauti ya masikioni. Kinachokuja ni mstari uliousoma asubuhi unarudi na safari hii unakuhusu. Au jina la mtu linakuja na unajua unatakiwa umtafute. Au unaulizwa swali, na hili la swali watu hawalitegemei kabisa wakati Biblia imejaa hayo, Eliya pale pangoni Horebu aliulizwa mara mbili "Unafanya nini hapa, Eliya?", na Ayubu aliyelia apewe majibu alipewa maswali sura baada ya sura, kuhusu mvua, kuhusu mbuzi-mwitu wanavyozaa, kuhusu mwewe na tai, akapelekwa kutazama uumbaji mpaka moyo wake ukabadilika ingawa sababu ya mateso yake hakuambiwa. Ukitoka nje na swali ambalo hukwenda nalo, usidhani umetoka mtupu.

Kuhusu kujua kama ni Mungu au ni mimi, mtu aliyenisaidia kuliko wote ni Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti. Mwaka 1521 alivunjwa mguu kwa mzinga vitani Pamplona, Hispania, akalazwa nyumbani muda mrefu, na pale kitandani alikuwa na ndoto za aina mbili, ndoto za ushujaa na kumpendeza mwanamke mkubwa wa cheo, na mawazo ya kuishi kama watakatifu aliokuwa anawasoma. Zote mbili zilimfurahisha wakati anaziwaza. Tofauti ilikuja baadaye, zile za kwanza zikiisha zilimwacha mkavu, na zile za pili zilimwacha na furaha iliyobaki. Angalia basi, hakupima kwa utamu wa ile saa, alipima kwa kilichobaki. Ndo maana nawakataza watu kuamua jambo kubwa wakiwa bado wako nje wamejaa hisia, rudi nyumbani, pita wiki kadhaa za kawaida, foleni na vyombo na usingizi mbaya, uone kama lile neno bado liko hai na linazaa upendo, uvumilivu, amani.

Yapo mengine ninayoyaangalia. Mungu akikukemea anakukemea kwa jambo fulani unaloweza kulitubu, ulimdanganya fulani, nenda karekebishe, lakini sauti inayosema wewe hufai, wewe ni wa hivyohivyo siku zote, bila jambo na bila njia ya kutokea, hiyo sio ya Mchungaji. Sauti inayokusukuma ufanye sasa hivi na usimwambie mtu, itilie shaka. Na chochote kinachopingana na Maandiko au kinachokuruhusu kumuumiza mtu ukabaki na amani, kiache hapohapo. Tena sio lazima sauti ya Mungu ikubaliane na watu wanaokusifu, Yesu alipotoka alfajiri akaomba mahali pasipokuwa na watu wanafunzi walimfuata wakamwambia watu wote wanakutafuta, na jibu lake lilikuwa twendeni mahali pengine.

Na kuna siku hutasikia kitu. Hizo ni nyingi. Hiyo siku hujaipoteza, umekaa na Mungu naye akaamua kukaa na wewe bila maneno, na ukirudi kesho usiongeze muda kwa hasira wala usipunguze kwa kukata tamaa, baki na uleule uliojipangia.

Siku ukipata kitu, andika tarehe na maneno machache kama yalivyokuja, usiyapambe, na tafadhali usikimbilie kuyaweka kwenye grupu la WhatsApp. Mpelekee mtu mmoja kwanza. Samweli aliitwa akaenda kwa kuhani mzee Eli mara tatu akidhani ni yeye anayemwita, na bila Eli asingejua kuitika. Ila wengi wanasahau mwisho wa habari ile, kwamba neno lenyewe lilikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli, na yule mzee akamlazimisha kijana amwambie lote bila kuficha, akasikia, akasema ndiye Bwana, na afanye alivyoona kuwa ni vyema. Tafuta mtu wa namna hiyo, ambaye hatakuambia ya kukufurahisha na ambaye anaweza kulipokea neno hata likimgusa yeye. Akikubali, mwombe muda wa kukutana naye mara kwa mara, na ukienda kwake nenda na lile daftari, pamoja na kurasa za siku ambazo hukusikia chochote.