Mtoto ana kilo ngapi? Swali la kwanza kabla ya antibiotiki

Juzi jioni, nikikaribia kufunga, nyanya mmoja aliingia katika famasi yangu hapa Busia, upande wa Uganda, mjukuu mgongoni na chupa mkononi. Ilikuwa antibiotiki iitwayo amoksisilini, ya maji, imebaki robo.

"Mwanangu, hii ndiyo iliyomponya kaka yake mwezi uliopita. Sasa huyu naye anakohoa. Nimpe vijiko vingapi?"

Niliinua chupa kwenye taa. Unga ulikuwa umeganda chini kama chokaa. Dawa hii ikishachanganywa na maji huhesabiwa kwa siku, wiki moja au mbili kutegemea maelezo ya kiwandani na mahali inapotunzwa. Mwezi ulikuwa umeshapita, na nyumbani kwake hakuna friji.

"Nyanya, keti kwanza. Tumhesabie pumzi."

Mtoto ana miezi 14. Tulimwacha atulie mapajani, hanyonyi wala halii, tukamfunua shati nikatazama tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima. Si nusu dakika kisha kuzidisha mara mbili, kwa sababu watoto hupumua kwa vipindi, haraka kisha taratibu. Nilipata 36. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, tunahofia nimonia pumzi zikifika 40. Wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50. Huyu kifua chake hakikuwa kinabonyea ndani anapovuta hewa, homa hakuna, makamasi tele. Hayo ni mafua, na mafua huletwa na virusi ambavyo amoksisilini haiviwezi hata kidogo. Nilimwonyesha namna ya kumsafisha pua, nikamsihi aendelee kunyonya na kunywa vya uvuguvugu. Angekuwa na homa ningetaka apimwe malaria kwanza, maana huku kwetu homa na kikohozi huja pamoja, na dawa ya malaria siyo antibiotiki.

Wahudumu wa afya wa vijijini, wale tunaowaita VHT, wanaijua hesabu hii ya pumzi vizuri. Kijiji chenye VHT aliyefunzwa na mwenye dawa kina bahati kubwa.

Sasa tuseme ni nimonia kweli. Hapa ndipo ninapoona makosa mengi kuliko mahali pengine popote, na yanaanzia kwenye namba ndogo iliyoandikwa ubavuni mwa chupa. Kuna chupa ya miligramu 125 katika kila mililita 5, na kuna ya miligramu 250 katika mililita zilezile 5. Zinafanana kama mapacha. Chukua mtoto wa kilo 12. Kwa nimonia anahitaji miligramu 500 asubuhi na 500 jioni, kwa siku 5. Ukiwa na chupa ya 250, hiyo ni mililita 10 kila mara. Ukiwa na ya 125, ni mililita 20. Zidisha mwenyewe: 20 mara mbili kwa siku, kwa siku 5, ni mililita 200. Chupa ni ya mililita 100, kwa hiyo zinahitajika mbili.

Nilipokuwa mwanafunzi niliona karatasi ya zahanati moja imeandikwa "mililita 5 mara tatu", bila uzito wa mtoto, bila nguvu ya dawa. Mama alinunua ya 125. Mtoto wa kilo 12 akawa anapata miligramu 375 kwa siku badala ya 1,000. Mama hakukosea chochote, alifuata karatasi neno kwa neno, na mtoto alirudi siku ya tatu kifua kinabonyea. Mpaka leo sitoi dawa ya mtoto bila mzani.

Halafu kijiko. Nilipima vijiko vitatu vya chai vya jikoni kwangu: kimoja kilibeba mililita 3, kingine 4 na nusu, cha tatu karibu 7. Tumia sirinji isiyo na sindano, na kifuniko chake kidogo kitupe kabisa, kisije kikamwingia mtoto kooni. Mkalishe wima, weka ncha ndani ya shavu, sukuma kidogo kidogo. Usimbane pua. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Akitapika kila anachopewa, akishindwa kunyonya, akilegea au akipata degedege, acha chupa, kimbia kituo cha afya.

Kuchanganya nako kuna namna yake. Gonga chupa ili unga uachiane, tia maji yaliyochemshwa na kupoa hadi nusu, tikisa, subiri povu lishuke, ongeza hadi kwenye mstari, tikisa tena. Na tikisa kila unapotoa dozi, la sivyo siku za kwanza mtoto anakunywa maji na za mwisho anakunywa unga.

Kwa kweli, mtu akiniuliza, ninapenda zaidi vidonge vya amoksisilini vya miligramu 250 vinavyoyeyuka. Kimoja kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, kinalainika palepale. Chini ya kilo 10, kuanzia 4, ni kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kilo 10 hadi chini ya 14, viwili viwili. Havihitaji friji wala mstari wa kukisia.

Mtoto wa chini ya miezi 2 simpi antibiotiki kaunta hata mama akilia. Huyo hubadilika kwa saa chache, anahitaji kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Kapsuli za tetrasaiklini ambazo watu hufungua na kumpa mtoto unga wake nazikatalia: huharibu rangi ya meno yanayoota. Na mtoto anayehara maji bila damu anahitaji ORS na zinki. Zinki ni kwa siku 10, miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, 20 akiwa juu ya hapo. Antibiotiki inaweza kumzidishia kuhara.

Nyanya aliniachia ile chupa niiharibu. Tulimweka mjukuu mzanini, kilo 9.4, nikaiandika kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya kadi yake ya chanjo, pamoja na tarehe. Jana alipita kunisalimia akielekea sokoni. Mtoto bado anakohoa kidogo, lakini alikuwa na ndizi mdomoni, na nilipohesabu pumzi zilikuwa 34.