Marehemu yuko wapi sasa hivi? Tuongee kuhusu ufufuo wa mwili

Ukihudhuria misiba ya Kikristo huku kwetu utaona mahubiri mengi yanapita njia moja, kwamba mwili huu ni ganda tu, mwenyewe ameshaondoka, roho imeenda kwa Baba, hapa tunazika udongo. Watu wanaitikia amina, jeneza linashushwa, mashada yanawekwa, watu wanaenda kula. Mimi nafundisha historia ya mafundisho ya kanisa kwenye chuo cha theolojia na hii sehemu ya mambo ya mwisho ndo somo langu, na kwa kweli inaniuma kila nikisikia hivyo, kwa sababu Jumapili inayofuata hao hao wanasimama kanisani kukiri imani, Wakatoliki wanasema "ufufuko wa miili", Walutheri na Waanglikana wanasema ufufuo au kiyama ya mwili, na ukiisoma kanuni ya imani toka juu mpaka chini hukuti sehemu inasema naamini roho yangu itaenda mbinguni. Haimo. Kilichomo ni mwili kufufuka.

Sisemi kwamba marehemu hayuko kwa Mungu, nitafika huko. Nachosema ni kwamba hiyo ni hatua ya kungoja, na sisi tumeigeuza ikawa ndo mwisho wa habari.

Kwanza tujue imani hii ilianzia wapi. Agano la Kale kwa sehemu kubwa linaongea kidogo mno kuhusu wafu, wanashuka kuzimu, kimya, Zaburi ya 115 inasema kabisa wafu hawamsifu Bwana. Ufufuo unakuja kutajwa wazi kwenye Danieli 12, kwamba walalao katika mavumbi wataamka. Halafu kuna 2 Makabayo sura ya 7, wengi wa Waprotestanti hawana hicho kitabu kwenye Biblia zao ila naomba mkakisome hata kama historia tu, ni habari ya mateso ya Wayahudi chini ya mfalme Antioko, miaka ya 160 hivi kabla ya Kristo. Ndugu saba wanalazimishwa kula nyama ya nguruwe, wanakataa, wanauawa mmoja mmoja mama yao akiangalia. Wa tatu akaambiwa atoe ulimi ukatwe, akautoa hapo hapo, akanyoosha na mikono bila kuogopa, akasema hivi nilivipata kutoka mbinguni na natumaini kuvipata tena kwake. Hebu iangalieni hiyo. Hakusema kateni tu, roho yangu hamuiwezi. Anadai mikono yake! Kwa watu hawa ufufuo lilikuwa suala la haki, kwamba Mungu aliyeumba hiyo mikono hawezi kukubali neno la mwisho liwe la yule mwenye kisu.

Kwa hiyo Yesu alipokuja wala haikuwa habari ngeni. Mafarisayo walikubali ufufuo, Masadukayo walikataa na wakamletea lile swali la mwanamke aliyeolewa na ndugu saba. Martha naye, kaka yake ana siku nne kaburini, anajibu bila kusita kwamba anajua atafufuka katika ufufuo siku ya mwisho, yaani hilo alishalijua toka nyumbani. Jambo jipya walilolileta Wakristo ni kwamba kuna mmoja ameshafufuka tayari kabla ya hiyo siku ya mwisho, na Paulo anamwita limbuko, maana yake mavuno mengine yanakuja nyuma yake.

Na hapa watu wengi wanachanganya, naomba niweke sawa. Lazaro alirudishwa kwenye maisha haya haya, akaja kufa tena. Yesu hakurudi kwenye maisha haya, alipita mauti akatokea upande wa pili na mwili wake. Ndo maana zile habari zina mambo mawili ambayo ukisoma haraka yanaonekana kugongana: anaingia milango imefungwa, Mariamu Magdalena anadhani ni mtunza bustani, wale wa Emau wanatembea naye njia nzima hawamjui, lakini huyo huyo kwenye Luka 24 wanafunzi wanadhani ni mzimu na anawaambia nishikeni, mnione, halafu anawauliza mna chakula hapa? Wakampa kipande cha samaki wa kuokwa akakila mbele yao. Na makovu yapo. Ni mwili ule ule ila sio katika hali ile ile.

Paulo anaieleza hiyo kwenye 1 Wakorintho 15, barua aliyoiandika akiwa Efeso katikati ya miaka ya 50, na wataalamu wengi wanaona ni ya zamani kuliko injili zote nne. Kanisa la Korintho lilikuwa na watu waliokulia kwenye fikra za Kigiriki, na kwa wafuasi wa Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, mwili ulikuwa kama kifungo, roho ikitoka imepona, sasa mtu kama huyo ukimwambia mwili utafufuliwa anakuona unamrudisha jela. Athene pale pale Paulo alivyotaja ufufuo wa wafu wengine walimcheka, Matendo 17. Kwa hiyo yale mahubiri ya "mwili ni ganda tu" yako karibu na Plato kuliko Paulo, na hilo ndo linanifanya niandike. Paulo anajibu kwa mbegu: unachopanda sio ule mmea utakaoota, lakini mmea unatoka kwenye mbegu ile ile, haushuki kutoka kwingine. "Hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu." Na anaposema mwili wa roho hamaanishi mwili wa upepo au moshi, anamaanisha mwili unaoishi kwa nguvu ya Roho wa Mungu, usiozeeka wala kuoza.

Sasa swali lenyewe, lile ambalo wanafunzi wananifuata nalo baada ya kipindi, mara nyingi ni mtu aliyefiwa karibuni, "Mwalimu, mama yuko wapi sa hivi?" Kati ya kifo na siku ya mwisho kuna nafasi, na makanisa hayasemi kitu kimoja kuhusu hiyo nafasi.

Maandiko yanayobeba uzito hapa ni machache. Yesu anamwambia yule mhalifu msalabani "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba anatamani kwenda zake akae na Kristo. Upande wa pili, Mhubiri 9 inasema wafu hawajui neno lolote, na Agano Jipya lenyewe mara nyingi linasema waliokufa "wamelala". Wasabato wanasimama hapo, kwamba mtu akifa hana fahamu yoyote mpaka parapanda, hakuna roho inayoishi peke yake nje ya mwili, na ukienda sehemu walipokaa muda mrefu, Upare walifika 1903 na Gendia kule Kenya 1906, utasikia msiba unahubiriwa tofauti kabisa, hawasemi yuko mbinguni anatuangalia, wanasema amepumzika, atakachokiona cha kwanza akifumbua macho ni Bwana. Mimi sikubaliani nao kwenye suala la fahamu, maneno ya "leo hivi" nayaona mazito mno kuyakwepa. Lakini kwenye kushika ufufuo wanatushinda wengi wetu, na hilo nalisema wazi darasani hata kama kuna wanaonikunjia sura.

Wakatoliki wanasema kila mtu anahukumiwa mara anapokufa, wengine wanaingia kumwona Mungu, wengine wanatakaswa kwanza toharani, ndo msingi wa misa za marehemu na ile sala ya raha ya milele na tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote. Waprotestanti wengi wanasema walioamini wako na Kristo moja kwa moja na toharani wanaikataa. Lakini mjue hata huko Roma hili jambo lilishawahi kuwaka moto hasa. Mwaka 1331, siku ya Watakatifu Wote, Papa Yohane wa XXII alihubiri Avignon, mji wa Ufaransa ya leo ambako mapapa walikaa wakati huo, kwamba watakatifu waliokufa bado hawajamwona Mungu uso kwa uso, wanamwona Kristo katika ubinadamu wake, hayo mengine mpaka hukumu ya mwisho. Akarudia kwenye mahubiri mengine. Wanatheolojia wa Paris wakapinga, mfalme wa Ufaransa akaingia upande wao, mzee akiwa na umri wa miaka karibu 90 akakubali kurekebisha maneno yake akiwa kitandani, kesho yake akafa, Desemba 1334. Aliyemfuata, Benedikto wa XII, akafunga mjadala 1336 kwa hati rasmi kwamba roho zilizotakata zinamwona Mungu sasa hivi, hata kabla ya kurudi kwenye miili yao. Ile "kabla ya" ina maana kubwa. Hata hati iliyowaweka watakatifu mbele za Mungu haikufuta kurudishwa kwa mwili, watu wako na Mungu na bado kuna kitu kinasubiriwa.

Halafu kuna swali ambalo watu wa kanda ya ziwa wananiuliza kwa uchungu sana. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, mamia ya watu walikufa, wengine wamezikwa Igoma lakini wapo ambao miili yao haikupatikana kabisa. Hao watafufukaje? Jamani hili swali ni la zamani mno na lilishajibiwa kwa damu. Mwaka 177 huko Lyon, Ufaransa ya leo, Wakristo waliuawa na watesaji wao wakafanya kusudi, wakaiacha miili nje siku sita, wakaichoma, majivu wakayatupa mto Rhône, wakisema tuone sasa kama watafufuka. Eusebio, mwandishi wa kale wa historia ya kanisa, ameitunza barua ya hilo kanisa. Na kanisa halikukaa kutafuta majivu mtoni, liliendelea kukiri ufufuo vile vile, kwa sababu aliyeumba kutoka pasipo kitu hashindwi na mto, wala ziwa, wala samaki.

Kwa hiyo na kuchoma maiti hakumzuii Mungu. Roma ilikataza mwaka 1886 maana waliokuwa wanapigania jambo hilo kule Ulaya wengi walifanya kuipinga imani, ikaruhusu 1963, na 2016 ikasisitiza majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasimwagwe. Kenya askofu mkuu mstaafu wa Anglikana Manasses Kuria alichoma mwili wa mke wake 2002, na yeye mwenyewe akachomwa 2005, watu walisema sana. Mimi kama mimi nazikwa ardhini, napenda ile ishara ya kupandwa, ila siwezi kumwambia mjane aliyechagua tofauti kwamba amemharibia mumewe ufufuo. Hilo halina msingi wowote.

Kuhusu watoto wachanga, tunawaita malaika na naelewa ni upendo, lakini kwa imani yetu binadamu hageuki malaika, mtoto atafufuka binadamu. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, kwenye kitabu cha mwisho cha Mji wa Mungu, alichomaliza karibu 426, alikaa na maswali haya haya bila kuyaona ya kijinga. Mtoto aliyekufa mchanga atafufukaje? Akasema atapewa kimo ambacho angekifikia. Wanawake je, maana walikuwepo waliosema wote watafufuka wanaume? Akakataa, mwanamke atafufuka mwanamke, jinsia sio kasoro. Na aliyeliwa na mwenzake wakati wa njaa? Nyama inarudi kwa mwenyewe wa kwanza. Na majeraha ya mashahidi wa imani? Viungo vilivyokatwa vitarudi, alisema, ila makovu huenda tutayaona, nayo hayatakuwa aibu kwao bali uzuri. Kuna dada mmoja darasani, binti yake alikufa kwa ajali, aliniomba nimsomee hiyo sehemu mara mbili, na kama una msiba nyumbani nakushauri utafute mtu akusomee pamoja na 1 Wakorintho 15 yote, usiishie mstari mmoja.